Ukigonga au Ukigongwa Ukipeleka Mzigo: Sheria Inataka Nini, na Bima Yako Inafika Wapi

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuweke kando picha za bidhaa na bei. Tuzungumze kuhusu ile safari ya kumpelekea mteja mzigo wake.

Wengi wetu tulianza na boda wa mtaani. Oda zikaongezeka, tukanunua pikipiki au Probox ya mkono wa pili. Bima tukachukua ile ya bei ya chini kabisa, "ili tu polisi wasitusumbue". Hapo ndipo tunapokosea. Bima haikuwekwa kwa ajili ya polisi wa kizuizini. Iliwekwa kwa ajili ya siku moja mbaya, na siku hiyo ikikukuta hujajipanga, inameza mtaji wote, tena na akiba ya chama juu yake.

Somo hili ni la sheria za Kenya. Ndugu zetu wa Tanzania na Uganda, kwenu pia bima ya gari ni lazima, lakini sheria na fomu zenu ni nyingine, kwa hiyo msizichanganye.

Tuchukue mfano tutakaotembea nao mpaka mwisho. Dada mmoja anauza mashuka na mapazia mtandaoni, anaishi Bamburi. Ana Probox. Mpwa wake ndiye anayeendesha. Ijumaa jioni kijana ametoka na mizigo sita ya kupeleka Nyali na Buxton. Karibu na Kongowea anageuka kuingia barabara ya kando, pikipiki inakuja, wanagongana. Mwendesha boda ameanguka, mguu umeumia. Watu wameshaanza kukusanyika. Simu ya dada inalia.

Sasa basi, nini kifanyike?

1. SIMAMA. HILI HALINA MJADALA

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kifungu cha 73, inasema hivi kwa ufupi: gari lako likihusika katika ajali iliyomuumiza mtu au kuharibu gari la mwingine au mali, dereva lazima asimame. Mtu mwenye sababu ya haki akikuuliza, lazima umpe:

- jina lako na anwani yako
- jina na anwani ya mwenye gari, kama gari si lako
- namba za gari

Angalia vizuri. Sheria haikusema "simama kama una makosa". Hata kama boda ndiye aliyekuja upande usio wake, unasimama. Nani ana makosa litaamuliwa baadaye, na si wewe utakayeliamua. Ukikimbia, hata kama ulikuwa na haki, umeshatenda kosa jingine, na kila atakayesikia habari yako ataamini ulikuwa na la kuficha.

"Je, wananchi wakitaka kunipiga?" Swali la haki hilo, na sote tunajua linavyotokea. Usalama wako kwanza. Kama unaona maisha yako yako hatarini, ondoka, lakini nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, ukaeleze ajali na kwa nini uliondoka. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyekimbilia polisi na mtu aliyekimbilia nyumbani.

Baada ya kusimama, mambo matatu ya haraka:

Kwanza, mtu aliyeumia. Piga 999 au 112. Msaidie afike hospitali. Kumsaidia si kukiri kosa. Ni utu, na hakuna mahakama itakayokulaumu kwa hilo.

Pili, wengine wasigonge tena. Washa taa za tahadhari, weka ile pembetatu nyekundu nyuma ya gari kwa umbali wa kutosha dereva mwingine aione mapema.

Tatu, usihamishe gari kama kuna aliyeumia, mpaka polisi wafike wapime, isipokuwa pale ambapo lazima umnasue mtu au kuna hatari nyingine. Kabla ya chochote kuguswa, toa simu upige picha. Sisi tunapiga picha za bidhaa kila siku, leo piga za barabara: magari yote mawili na namba zake, alama za breki, taa na alama za barabarani, na sehemu zilizoharibika kwa karibu na kwa mbali. Andika namba za simu za watu wawili watatu walioona. Baada ya wiki moja hutawapata.

2. POLISI NDANI YA SAA 24

Kama kwa sababu yoyote hukutoa jina na anwani pale pale, sheria inakutaka uripoti ajali kituoni au kwa afisa wa polisi mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 24.

Ushauri wangu ni ripoti kila ajali hata kama mmeshapeana majina. Sababu ni ya kibiashara kabisa: bila ripoti ya polisi, dai lako la bima litakwama. Kituoni hakikisha ajali imeandikwa kwenye kitabu cha matukio na upewe namba ya OB. Ihifadhi kwenye simu na uiandike pia kwenye karatasi. Baadaye utaiomba abstrakti ya polisi, ambayo ndiyo karatasi kampuni ya bima itakayoitaka mwanzo. Aliyeumia yeye atahitaji fomu ya P3, inayojazwa na polisi na daktari.

Maelezo yako yawe yale uliyoyaona tu. "Nilikuwa nageuka, nilikuwa nimewasha indiketa, pikipiki ilitokea upande wa kulia." Usiongeze chumvi. Usikisie mwendo wa mwenzako. Na usitie sahihi maelezo ambayo hujayasoma.

Ajali ikiwa kubwa gari linaweza kuzuiliwa kituoni kwa ukaguzi. Kwa hiyo mizigo ya wateja itoe mapema kwa ruhusa ya polisi, uipige picha, kisha uwajulishe wateja. Mteja anayeambiwa ukweli jioni ile ile huvumilia. Anayeachwa bila jibu siku tatu ndiye anayekuandikia "tapeli" kwenye ukurasa wako.

3. BIMA YA LAZIMA INALIPA NINI HASA?

Hapa ndipo wengi tunaponunua kitu tusichokijua.

Sheria ya bima ya magari dhidi ya hatari kwa mtu wa tatu ni Sura ya 405. Inakataza mtu kutumia gari barabarani bila bima hiyo. Tena inakataza pia kumwachia mwingine alitumie gari hilo bila bima. Kwa hiyo dada wa Bamburi, hata kama yuko nyumbani anafunga mashuka, gari likiwa halina bima na yeye ndiye aliyemtuma kijana, kosa ni la wote wawili. Na pikipiki ni chombo cha moto kama gari. Haijasamehewa.

"Mtu wa tatu" ni nani? Wa kwanza ni wewe mwenye bima. Wa pili ni kampuni. Wa tatu ni yule mwingine uliyemuumiza: mtembea kwa miguu, mwendesha boda, abiria wa gari la pili.

Bima ya lazima ni kwa ajili ya kifo au majeraha ya mtu wa tatu. Sasa tazama mipaka yake:

- Mtu mmoja hulipwa mwisho shilingi milioni 3. Mahakama ikimpa aliyeumia milioni 3.6, kampuni inatoa milioni 3. Ile laki 6 iliyobaki inakutafuta wewe.
- Gari lako halimo. Boneti, taa, radieta, vyote ni mfukoni mwako. Ukitaka gari lako litengenezwe hata kama kosa ni lako, hiyo ni bima kamili.
- Mali ya mtu wa tatu, kwa mfano pikipiki ya yule boda au ukuta wa duka, si sehemu ya kile sheria inacholazimisha. Hati nyingi za bima huiweka, lakini kwa kiwango maalum. Uliza kiwango ni kipi.
- Mtu uliyempa lifti kwenye gari la binafsi hamo kwenye bima ya lazima. Uliza kama abiria wameongezwa.
- Mzigo wa mteja haumo. Hata bima kamili kwa kawaida hailipi bidhaa ulizobeba. Kuna bima ya mizigo iliyo safarini, inanunuliwa peke yake. Ukiuza simu au vifaa vya umeme vya bei, ifikirie.

Nyingine ni muda wa cheti. Wengi wetu tunanunua cha mwezi mmoja mmoja. Hakuna ubaya, lakini cheti kilichoisha jana usiku hakikusaidii asubuhi ya leo. Weka kengele ya simu siku tatu kabla.

Pia hakikisha cheti ni cha kweli. Siku hizi vyeti vya magari Kenya hutolewa kidijitali kupitia mfumo wa DMVIC wa chama cha kampuni za bima, AKI. Ukiuziwa na wakala usiyemjua kando ya barabara, piga simu makao makuu ya kampuni yenyewe, uwape namba za gari, waulize: "Gari hili mnalo?" Dakika mbili tu.

4. ULISEMA GARI NI LA KAZI GANI?

Wenzangu, mkisahau yote mengine, hili likumbukeni. Ni letu sisi wauzaji wa mtandaoni hasa.

Kampuni ya bima inapokuuzia hati, inauliza gari linatumika kufanya nini. Jibu lako linaandikwa. Kwenye karatasi utaona maneno ya Kiingereza, na kila neno lina maana yake:

"Private": gari la mambo yako ya nyumbani. Kazini, sokoni, harusini.

"Own Goods": gari la biashara linalobeba mizigo yako mwenyewe. Mashuka ya dada wa Bamburi yakienda kwa wateja wake ni hapa.

"General Cartage": gari linalobeba mizigo ya watu wengine kwa malipo. Ukianza kuwapelekea wauzaji wenzako mizigo yao na kuwatoza, umeingia hapa.

Nini hutokea? Mtu anachukua "Private" kwa sababu ni nafuu, kisha gari linashinda barabarani likipeleka oda kumi kwa siku. Siku ya ajali mkaguzi wa bima anafungua mlango wa nyuma, anakuta vifurushi vimeandikwa majina na namba za wateja. Hapo kampuni ina sababu ya kukataa dai, kwa kuwa gari lilikuwa kwenye kazi isiyoandikwa. Umelipa bima mwaka mzima, na siku unayoihitaji haipo.

Ndivyo ilivyo hata kwa mtu mwenye "Own Goods" aliyeamua kumsaidia rafiki mzigo wake kwa mia tatu. Hiyo mia tatu inaweza kukugharimu gari.

Dawa yake ni rahisi: mpigie wakala wako wiki hii, mwambie kwa maandishi kazi halisi ya gari. "Gari hili linapeleka bidhaa zangu kwa wateja kila siku. Mara moja moja nabeba za wengine kwa malipo." Mwache yeye akuambie bima inayofaa na tofauti ya bei. Na hifadhi jibu lake.

5. ANAYEENDESHA NI NANI?

Turudi kwa mpwa. Aliyekuwa anaendesha ni kijana, lakini safari ilikuwa ya nani? Ya shangazi yake. Mizigo ni yake, gari ni lake, yeye ndiye aliyemtuma. Mahakama za Kenya humhesabu mwenye gari kuwa anawajibika kwa makosa ya dereva aliyemtuma kwenye shughuli zake. Kwa hiyo barua ya wakili wa boda itakuja na majina mawili: la kijana na la shangazi.

Na kama aliyeumia ni kijana mwenyewe? Hapa wengi hushangaa. Bima ya lazima ya Sura ya 405 haimlipi mfanyakazi wako aliyeumia akiwa kazini. Huyo ana sheria yake, ile ya fidia kwa wanaoumia kazini ya mwaka 2007, maarufu kama WIBA, nayo inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi. Hata mfanyakazi mmoja ni mfanyakazi.

Vipi kuhusu boda wa nje? Ukimwita boda yeyote wa stejini, anakutoza, anaondoka, huyo ana biashara yake na bima yake. Lakini kama anakufanyia kazi wewe tu, unamlipa kila Jumamosi, amevaa fulana yenye nembo yako na anafuata ratiba yako, wakili mwerevu atasema huyu ni mtu wako. Kabla hujampa mizigo ya kila siku, muombe picha ya leseni na ya cheti cha bima. Asione vibaya, ni kazi.

Tena jambo dogo la logibuku. Kisheria aliyeandikishwa kama mwenye gari ndiye anayehesabiwa kuwa mwenyewe mpaka ithibitishwe vingine. Ukiuza pikipiki yako ya zamani bila kubadilisha jina, aliyeinunua akigonga mtu, wewe ndiye utakayetafutwa kwanza. Na ukinunua gari, usidhani bima ya aliyekuuzia imekuja pamoja na matairi. Bima ni ya mtu aliyeikata. Kata yako kabla hujawasha injini.

6. "TUMALIZANE HAPA HAPA"

Neno hili lina utamu wake. Boda anasema, "Mama, nipe elfu tano nikajitibu, mambo yaishe." Unatoa, kila mtu anaenda zake. Baada ya miezi minne unaletewa barua ya wakili. Mguu ulikuwa umevunjika, hakujua. Sheria inampa aliyeumia miaka 3 kufungua kesi. Wewe huna OB, huna picha, huna abstrakti, na kampuni yako ya bima haikuwahi kusikia habari hii.

Hapo kuna mtego ambao wengi hawaujui. Ukichelewa kuiambia kampuni, sheria haimwadhibu aliyeumia kwa kosa lako. Kampuni inaweza kulazimika kumlipa, kisha ikakugeukia wewe irudishiwe pesa zake.

Kwa hiyo:

- Kama ni mkwaruzo tu wa bampa, hakuna aliyeumia hata kidogo, na mmekubaliana, andikeni. Majina, namba za gari, tarehe, kiasi, sahihi, shahidi mmoja. Lipa kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Hata hivyo ijulishe kampuni ya bima.
- Kama kuna aliyeumia, hata akisema "niko sawa", usimalizane barabarani. Hospitali, polisi, bima.
- Usiseme wala kuandika "kosa ni langu, nitalipa kila kitu". Hati nyingi za bima zinakukataza kukiri au kuahidi malipo bila kampuni kukubali. Unaweza kusema "pole sana ndugu yangu" na kumpeleka hospitali. Pole si kukiri.

7. KUIJULISHA KAMPUNI YA BIMA

Soma hati yako, muda wa kutoa taarifa umeandikwa humo. Usingoje siku ya mwisho. Piga simu siku ile ile, kisha tuma ujumbe wa maandishi ili tarehe ionekane. Kwa kawaida utatakiwa kuwa na fomu ya madai iliyojazwa, abstrakti ya polisi, nakala ya leseni ya dereva, nakala ya logibuku na picha zako.

Kama una bima kamili, usipeleke gari kwa fundi wako kabla mkaguzi wa kampuni hajaliona. Na uliza kile kiasi utakachojilipia mwenyewe kwanza kabla bima haijalipa. Kwa ajali ndogo, kiasi hicho chaweza kuwa kikubwa kuliko matengenezo yenyewe.

Ukipata barua ya wakili au karatasi za mahakama, usiziweke droo. Zipeleke kwa kampuni siku hiyo hiyo. Kesi isiyojibiwa huamuliwa bila wewe kuwepo.

Wale mnaovuka Lunga Lunga kupeleka mizigo Tanga: cheti cha Kenya peke yake hakitoshi ng'ambo. Omba kadi ya njano ya COMESA kwa kampuni yako kabla ya safari.

UJUMBE WA KUWEKA KWENYE SIMU YA DEREVA WAKO

Nakili, ubadilishe majina, umtumie leo:

"Ukipata ajali: 1. Simama. 2. Washa taa, weka pembetatu. 3. Mtu ameumia? Piga 999 au 112. 4. Nipigie mimi. 5. Piga picha kabla gari halijasogezwa. 6. Toa jina lako, langu, na namba za gari. 7. Usibishane, usikubali kosa, usitoe pesa. 8. Chukua namba za mashahidi. 9. Twende polisi, tupate OB. 10. Bima yetu ni kampuni fulani, simu hii, inaisha tarehe fulani."

Dada wa Bamburi akiwa na ujumbe huu, bima ya kazi halisi ya gari, na mpwa asiyekimbia, ile Ijumaa itakuwa siku mbaya. Atapoteza jioni moja na mauzo ya wikendi. Lakini Jumatatu atafungua ukurasa wake aendelee kuuza mashuka. Bila hivyo, anaweza kuuza Probox, cherehani na stoo yote kumlipa mtu mmoja, na bado asimalize.

KAZI YA LEO: Toa cheti chako cha bima sasa hivi. Angalia mambo matatu: kinaisha lini, kimeandikwa kazi gani, na namba za gari ni sahihi. Kisha tuandikie hapo chini umekuta nini. Na mtumie mwenzako anayepeleka mizigo mwenyewe, maana kwake ndiko somo hili linakohitajika zaidi.